Kuku Mgeni na Kamba Yake

Ugali uliungua usiku ule. Mkono mmoja nilishika mwiko, wa pili simu, na kwenye kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa Afrika Mashariki mtu alikuwa ametuma video bila neno lolote. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2025, kumi la mwisho la Ramadhani. Kamera ya usalama, mtaa mtulivu wa Somerville, pembeni mwa Boston. Binti mwenye hijabu na koti la baridi anatembea peke yake. Mwanamume mwenye kofia anamkatiza njia, anamshika mikono, binti anapiga ukelele. Wengine wanatokea huku na huku, wamevaa nguo za kiraia, na mmoja baada ya mwingine wanapandisha vitambaa kufunika pua. Sauti ya mpita njia inauliza: ikiwa nyinyi ni polisi, mbona mnaficha nyuso? Muda si muda binti yumo garini.

Jina lake ni Rumeysa Öztürk, Mturuki, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tufts, anasomea makuzi ya watoto. Alikuwa akienda kufuturu na wenzake. Viza yake ilikuwa imefutwa siku chache nyuma na hakuna aliyemwambia. Kesho yake alikuwa Louisiana, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka chuoni kwake. Alichofanya ni kushirikiana na wenzake watatu kuandika makala katika gazeti la wanafunzi, mwaka mzima kabla ya hapo, wakiutaka uongozi wa chuo uheshimu maazimio ya baraza la wanafunzi: ukiri kwamba Gaza kunafanyika mauaji ya kimbari, na uuze hisa za kampuni zenye uhusiano na Israeli. Nimeisoma makala hiyo mara mbili. Haina tusi, haina sifa kwa Hamas, haina mwito wa kumgusa mtu. Kwa kweli, kama maandishi mengi yetu sisi wa uzamivu, inachosha kidogo.

Nikazima jiko, nikafungua kompyuta. Sikufungua kusoma habari zaidi. Nilikwenda kutafuta jina langu.

Mei 2024 gazeti la wanafunzi la chuo hiki (mtanisamehe, sitakitaja) lilichapisha barua yetu ya kupinga polisi kuingizwa kwenye mahema ya waandamanaji waliopinga vita vya Gaza. Tulikuwa sitini na mmoja. Jina langu lilikuwa mstari wa nne, baina ya Mmeksiko na Mhindi, idara yangu imeandikwa kando. Barua yenyewe haikusema lolote juu ya vita. Ilisema tu kwamba vijana walioketi kwenye nyasi wasipelekewe watu wenye marungu. Nilitia saini kama mtu anavyochangia harusi ya jirani asiyemjua sana. Usiku ule wa ugali nikamwandikia mhariri, kijana wa miaka ishirini hivi, nikamwomba anitoe. Sikumpa sababu. Naye hakuiuliza, kwani, kama alivyonieleza baadaye, nilikuwa wa saba wiki ile. Siku chache mbele, mashirika yanayotetea magazeti ya wanafunzi, watu ambao kazi yao ya siku zote ni kuwaambia wahariri wasifute kitu, yalitoa tahadhari kwamba safari hii kufuta si vibaya kukifikiriwa.

Naandika haya kwa Kiswahili, na msidhani ni kwa mapenzi ya lugha tu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwetu Kisauni, Mombasa, tulikuwa tukimfunga kweli. Bibi akiletewa jogoo kutoka Mariakani, siku za mwanzo alifungwa kwa ukamba kwenye shina la mkilifi hadi azoee nyumba. Akidonoa, akipigana, akitembea kwa madaha, akifika pale kamba inapoishia mguu unavutwa nyuma naye anashtuka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Jambo ambalo methali hailisemi ni kwamba jogoo yule aliwika kama wenzake. Hakuna aliyemkataza kuwika.

Hivyo ndivyo nilivyoielewa Marekani kwa miaka minne ya kwanza. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanaizuia serikali kubana usemi, na hayasemi usemi wa raia peke yake. Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ilimtetea Harry Bridges, Mwaustralia, kiongozi wa makuli wa bandarini ambaye serikali ilitaka kumfukuza nchini ikimhusisha na Ukomunisti. Ikasema mgeni akaaye hapa naye anao uhuru wa kusema na wa kuchapisha. Mtoto wa mji wa bandari kama mimi, kesi hiyo niliipenda. Siku ya kukaribishwa chuoni walitugawia karatasi yenye maelezo hayo, pamoja na ramani ya vituo vya basi na kuponi ya pitsa. Kuponi niliitumia siku ileile.

Kamba niliiona Machi 2025. Tarehe 8 mwezi huo alikamatwa Mahmoud Khalil, Mpalestina aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Syria, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mmoja wa waliokuwa wakijadiliana na uongozi kwa niaba ya waandamanaji. Huyu hakuwa na viza kama yangu, alikuwa na grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, na mkewe ni raia, mja mzito wa miezi minane. Hakushtakiwa kwa jinai yoyote. Serikali ilitumia kifungu cha sheria ya uhamiaji kinachompa Waziri wa Mambo ya Nje uwezo wa kumwondoa mgeni ambaye kuwepo kwake kunaweza kuiathiri vibaya siasa ya nje. Waziri Marco Rubio alipotakiwa kuleta ushahidi alileta waraka wa kurasa mbili. Ndani yake imo sentensi ambayo sijaacha kuifikiria: kwamba mtu anaweza kuondolewa kwa imani, kauli au uhusiano wake wa zamani, wa sasa au unaotarajiwa, hata ikiwa ni halali.

Unaotarajiwa. Kazi yangu hapa ni kufundisha Kiswahili, mwaka wa kwanza na wa pili, na kila Septemba naandika ubaoni -li-, -na-, -ta-. Nimeona watu wakifungwa kwa -li-. Kufungwa kwa -ta- sikuwahi kusikia.

Khalil alikaa kizuizini siku 104. Mwanawe alizaliwa yeye akiwa Louisiana.

Nirudi nyuma kidogo, maana anayeanza hadithi hii mwaka 2025 anajidanganya. Aprili 17, 2024 wanafunzi wa Columbia walipiga mahema kwenye majani ya chuo alfajiri, siku ileile ambayo rais wao, Minouche Shafik, alikuwa Washington akihojiwa na Bunge kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi. Kesho yake akaita polisi, wakakamatwa zaidi ya mia moja. Kama alidhani anauzima moto, alimwaga petroli: mahema yakaota kutoka pwani hadi pwani, na kufikia kiangazi waliokamatwa vyuoni nchi nzima walipita 3,000. Usiku wa kuamkia Aprili 30 kundi moja lilivunja vioo na kujifungia Hamilton Hall, wakalipachika jumba jina la Hind, mtoto wa miaka mitano aliyeuawa Gaza. Jumba hilo limezoea. Mwaka 1968 lilikaliwa na wanafunzi waliopinga vita vya Vietnam. Mwaka 1985 walifunga milango yake kwa minyororo wiki tatu kudai chuo kiuze hisa za kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu, wakaliita jumba la Mandela, na kabla mwaka haujaisha chuo kikakubali kuuza. Vyuo vya huku vinawapenda sana waandamanaji wao, mradi wawe wameshapata mvi.

Ya kwetu yalikuwa mahema kumi na tano hivi, nayo yalikaa siku kumi na moja. Nilipita pale kila siku nikielekea darasani. Palikuwa na meza ya vitabu, sanduku la dawa za mafua, ubao wenye nyakati za swala, na Jumatatu ya Aprili 22 wanafunzi Wayahudi waliomo kambini walitandika vitambaa vyeupe chini wakafanya mlo wao wa Pasaka, wakasoma habari za kutoka Misri, huku wenzao Waislamu wakiwashikia tochi za simu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Palikuwa pia na vijana waliofunika nyuso, ambao ukiwauliza swali wanakujibu kwamba hawazungumzi, umtafute msemaji. Hilo lilinikera na linanikera hadi leo. Mtu akipiga hema katikati ya uwanja kwa jina la uhuru wa kusema, halafu asiongee na anayepita, uwanja ule ameufanyia nini?

Siku moja nilimweleza kijana mmoja mwenye kipaza sauti habari za wanafunzi wawili wa kilimo kutoka Tanzania, waliokwenda Israeli kwa mafunzo Septemba 2023 na kuuawa Oktoba 7 katika shambulio la Hamas, miongoni mwa watu wapatao 1,200 waliouawa siku ile. Mmoja alizikwa Rombo Novemba hiyohiyo. Mabaki ya mwenzake yalikuwa bado Gaza, na yalirudi Novemba 2025. Kijana alinitazama kama mtu aliyekatiziwa wimbo. Kisha akaniambia kwamba Gaza wameshakufa zaidi ya 34,000. Nikamjibu kwamba najua, ndiyo sababu nimesimama hapa. Tukabaki tunatazamana.

Halafu liko suala la maneno, ambalo ndilo lililonikaa kooni kwa sababu ya kazi yangu. Mwanafunzi wangu mmoja, Myahudi kutoka New Jersey, mwepesi wa ngeli kuliko wote, aliniuliza darasani: intifada kwa Kiswahili ni nini? Kiswahili kimechukua kwa Waarabu kila kitu, kuanzia saa hadi siasa, lakini hilo hatukulichukua. Asili yake ni kujikung'uta, kama mtu anavyokung'uta mkeka. Nikaanza kuandika ubaoni: mwamko, maasi, vuguvugu, ghasia. Nikasita. Kila neno lilikuwa limeshachagua upande kabla sijamaliza kuliandika. Aliyekulia Ramallah anasikia watoto wenye mawe mwaka 1987. Huyu binti alisikia mabasi yaliyolipuliwa Jerusalem miaka ya mwanzo ya 2000. Na mimi? Novemba 28, 2002 nilikuwa mtoto wa shule. Gari lililojaa mabomu liliingia katika hoteli ya Waisraeli pale Kikambala, kaskazini tu mwa kwetu, wakafa watu 13 mbali na walipuaji. Kumi walikuwa Wakenya, wengi wao wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Vita ambavyo hatukuvipiga vilitufuata hadi ufukweni, na waliochinjwa ni waliolipwa kuimba karibu.

Nilifuta ubao, nikasema tutarudi kwenye -ogopa. Zoezi la nyumbani lilikuwa sentensi tano. Binti yule akaandika: Ninaogopa kuvaa mkufu wangu wa nyota. Sarufi yake ilikuwa safi, nikamwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Sikumwambia neno. Nikikumbuka ile alama ya vema, naona haya.

Kwa hiyo sikubali wanaosema hofu ya wanafunzi Wayahudi ilitungwa na wanasiasa. Wanasiasa waliipanda kama farasi, hilo ni kweli, lakini farasi alikuwepo. Mmoja wa wasemaji wa mahema ya Columbia alijirekodi mwenyewe akisema Wazayuni hawastahili kuishi. Upande wa pili, kuna lori lililozungushwa nje ya Harvard na Columbia mwaka 2023 likiwa na skrini kubwa zenye sura na majina ya wanafunzi, wakiitwa vinara wa chuki. Sura ya mtoto wa watu, kubwa kama tangazo la sabuni.

Watu wengi huku wanakumbuka Desemba 5, 2023, pale mbunge Elise Stefanik alipowauliza marais wa Harvard, Pennsylvania na MIT kama kutoa mwito wa kuwaangamiza Wayahudi kunavunja kanuni za vyuo vyao. Wakajibu kwamba inategemea mazingira. Kisheria hawakuwa mbali na ukweli, kwani mahakama za Marekani hutofautisha kauli ya kuchukiza na kitisho dhidi ya mtu au usumbufu usiokoma. Lakini waliulizwa kama watu wakajibu kama mawakili. Ubaya zaidi, uhuru waliojificha nyuma yake hawakuwa wameulipia. Miezi mitatu kabla, shirika la FIRE, linalotetea uhuru wa kusema, lilikuwa limeiweka Harvard mkiani kabisa katika orodha yake ya uhuru wa kusema vyuoni. Machi mwaka huohuo wanafunzi wa sheria wa Stanford walikuwa wamemzomea jaji wa shirikisho asiweze kutoa mhadhara, na nakumbuka wenzangu wa mrengo wa kushoto wakicheka. Niliwaambia kwamba fimbo mnayoichonga haina jina la mwenyewe. Nami nilicheka kidogo, nisijitoe. Rais wa Pennsylvania alijiuzulu siku nne baada ya kikao; Claudine Gay wa Harvard akafuata Januari 2, 2024, kukiwa na tuhuma nyingine za kunakili maandishi.

Mrengo wa kulia nao, loo. Texas mwaka 2019 ilipitisha sheria ya kulinda usemi vyuoni, ikafungua viwanja vyote vya nje kwa yeyote, kwa sababu wakati ule waliozuiwa kusema walikuwa wahafidhina. Gavana Greg Abbott akaitia saini kwa mbwembwe. Aprili 24, 2024 gavana huyohuyo akapeleka askari, wengine juu ya farasi, chuo cha Austin; wakakamatwa 57 na mashtaka yakafutwa kwa kukosa msingi. Mwaka 2025 akasaini sheria nyingine, inayokataza kujieleza vyuoni kuanzia saa nne za usiku hadi saa mbili za asubuhi. Kujieleza kote! Oktoba jaji akaisimamisha. Ni FIRE haohao, waliokuwa wakipigiwa makofi na wahafidhina, walioishtaki, kama walivyomshtaki Rubio Agosti 2025 kwa niaba ya gazeti la wanafunzi la Stanford. Mtu anayetetea kanuni hupoteza marafiki kwa zamu.

Wala si mambo ya juzi. Mwaka 2014 Steven Salaita alikuwa ameshaacha kazi yake ya zamani ili aende kufundisha Chuo Kikuu cha Illinois, kikamnyang'anya nafasi kwa sababu ya maneno makali aliyoandika Twitter wakati Gaza ikipigwa mabomu. Chuo cha umma kinabanwa na Katiba kama serikali yenyewe, kikaishia kulipa dola 875,000 kuimaliza kesi yake mwaka uliofuata. Kazi ya chuo hakuipata tena Marekani. Alikwenda kuendesha basi la shule.

Mama alipiga simu Aprili. Habari zilikuwa zimefika Kisauni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe umekwenda huko kusoma ama kuandamana?"

"Kusoma, mama."

"Basi soma. Nyinyi hamkumwona Adungosi. Sisi tulimwona."

Mama alikuwa Nairobi mwaka 1982, karani kijana wa posta, jaribio la mapinduzi lilipotokea Agosti. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka. Titus Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi, akahukumiwa miaka kumi kwa uchochezi, na mwaka 1988 akafia jela. Mama hutaja jina lake kama watu wengine wanavyotaja kifaduro. Nikitaka kumwambia kwamba huku ni tofauti, kwamba kuna majaji, nilijikuta nikisema, "Sawa mama," na kumuuliza bei ya unga.

Na majaji wapo kweli. Öztürk aliachiwa Mei 9, 2025 na jaji wa Vermont, baada ya wiki sita na mashambulio kadhaa ya pumu. Khalil akaachiwa Juni 20, ingawa kesi yake haikuishia hapo. Julai, mjini Boston, maprofesa walioishtaki serikali walimsikia ofisa wa uhamiaji akikiri kortini kwamba walipewa orodha ya zaidi ya watu 5,000 wa kuchunguzwa, na kwamba wengi wao majina yalitoka Canary Mission, tovuti ya watu wasiojitaja inayoweka picha na maneno ya wanafunzi na walimu wanaoipinga Israeli. Yaani mtu asiyejulikana anaandika, serikali inasoma, kijana anachukuliwa akienda kufuturu. Sisi tuliokulia chini ya machifu na vibaraka wao tunaujua mfumo huo bila kuhitaji intaneti.

Septemba 30 Jaji William Young, aliyeteuliwa na Reagan, alitoa hukumu ya kesi hiyo, kurasa 161. Akaibandika mwanzoni postikadi aliyoletewa bila jina, imeandikwa kwa mkono, ikimkejeli kwamba Trump ana misamaha na vifaru, na wewe una nini? Akaijibu papo hapo juu ya ukurasa, kama mtu anayemjibu barua ya jamaa. Swali la kesi lilikuwa iwapo wageni walioko nchini kihalali wana uhuru wa kusema sawa na raia. Akajibu ndiyo, bila kupepesa. Niliisoma kwenye basi, nikapitwa na kituo changu.

Katika kundi letu la WhatsApp, mtu aliyeamsha mjadala zaidi si Khalil wala jaji. Ni mzee mmoja wa Kampala. Profesa Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na sasa yuko Columbia, alikuja Marekani mwaka 1963 na ufadhili waliopewa Waganda baada ya uhuru. Husimulia mwenyewe kwamba alipanda basi na wanafunzi wenzake hadi Montgomery, Alabama, kuandamana kwa ajili ya haki za Weusi, akatiwa ndani. Akampigia simu balozi wa Uganda. Balozi akamuuliza ni kwa nini anaingilia mambo ya ndani ya nchi ya watu. Mamdani akamjibu kwamba haya si mambo ya ndani, ni mapambano ya uhuru, na sisi wetu tumeupata juzi tu, umeshasahau? Baadaye makachero wa FBI wakamgongea mlango kumuuliza kama anampenda Marx. Akasema hajawahi kukutana naye. Wakamwambia alikufa zamani. Ndipo akaenda maktaba kumtafuta huyo Marx ni nani.

Tulicheka sana. Halafu mwenzetu mmoja wa Kisumu akaandika: "Leo wangemchukua kabla hajafika maktaba." Kundi likanyamaza siku mbili.

Mtoto wa mzee huyo, Zohran, alizaliwa Kampala mwaka 1991. Akiwa chuo cha Bowdoin alishiriki kuanzisha tawi la wanafunzi wanaoitetea Palestina. Uraia aliupata 2018. Mwaka 2025 alipogombea umeya wa New York, mjadala wa miezi ulikuwa kama atalilaani lile neno langu la ubaoni au la, na mbunge mmoja wa Tennessee, Andy Ogles, akaandika barua kuomba avuliwe uraia. Alichaguliwa Novemba. Hata raia, ikiwa alizaliwa kwetu, wapo wanaomwangalia mguu.

Baada ya hukumu ya Jaji Young nilimwandikia tena mhariri yule. Ameshahitimu, akanipa anwani ya aliyemfuata, msichana mkunjufu. Akaniambia orodha ya awali wameihifadhi, kulirudisha jina ni kazi ya dakika moja, niseme tu. Niliifungua barua mtandaoni. Majina ni hamsini na nne sasa. Mmeksiko na Mhindi wako bado, wamekaa bega kwa bega kama watu waliosogeleana kwenye matatu baada ya abiria mmoja kushuka.

Viza yangu ilikwisha Julai. Nikiwa hapa haina neno, ila nikitoka lazima niombe nyingine ubalozini Nairobi, na tangu Juni 2025 mwombaji wa viza ya masomo anatakiwa kuziacha wazi kurasa zake zote za mitandao ili zikaguliwe. Bibi ana miaka tisini na moja, na tiketi ni ya Desemba 19.

Nikamjibu yule msichana kwamba nashukuru, nitamwambia nikisharudi.